Vitabu vya mamluki: jinsi ya kuvisoma usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Huku kwetu ukitaja mamluki watu wanafikiria mpira kwanza, lile lijamaa lina ndevu kabisa linachezea timu ya sekondari. Hawa wa vitabuni ni walewale tu, ila wao wana bunduki na mkataba. Machalii kadhaa hapa Ngarenaro wameniuliza waanzie wapi kusoma toka zile habari za Wagner, jeshi la kukodi la Urusi, na Prigozhin aliyekuwa bosi wao, nimechoka kurudia kila siku so naandika mara moja.

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza geuza kitabu nyuma uone aliyeandika anakula wapi. Erik Prince ndo mwenyewe aliyeanzisha Blackwater, kampuni ya Kimarekani ya walinzi wa kukodi, unategemea aandike nini? Jeremy Scahill, aliyeandika kitabu kinachoitwa Blackwater, ni mwandishi wa habari anayeipiga kampuni hiyo toka kurasa za mwanzo. Sean McFate, wa The Modern Mercenary, alifanya kazi DynCorp, kampuni nyingine ya Kimarekani ya aina hiyo, kabla ya kuwa msomi. Sisemi usiwasome, wasome wote, ila ni kama ajali ya bodaboda na Noah, ukimsikiliza dereva mmoja tu utaondoka na hasira za bure.

Cha kwanza kabisa chukua Corporate Warriors cha P. W. Singer, cha 2003. Kinachosha kidogo siwadanganyi, lakini kinakupangia makampuni vizuri: kuna wanaopigana wenyewe, kuna wanaofundisha na kushauri majeshi, na kuna wanaopika, kufua na kubeba mizigo. Ukishaelewa hapo huwezi tena kuita kila mtu mamluki. Wagner hawamo, kilitoka kabla yao.

Halafu soma viwiliviwili, hii ndo siri yenyewe. Cha Scahill weka pembeni ya Civilian Warriors cha Prince. Na hapa angalieni toleo jamani, mimi nilinunua cha Scahill mtumba pale Moshi kwa elfu tano nikajiona mjanja, nikatafuta mauaji ya Nisour Square, Baghdad, pale walinzi wa Blackwater walipoua raia 17, sijaona kitu. Kumbe nina toleo la mwanzoni mwa 2007 na tukio lenyewe ni la Septemba 16 mwaka huohuo! Muuzaji ananiambia kitabu ni kitabu tu bro.

Ila jozi ninayoipenda mimi ni ya hapa jirani. Mike Hoare aliongoza mamluki Kongo 1964 na 1965, akaandika Congo Mercenary. Upande wa pili, wa waasi, alikuwepo mwanamapinduzi Che Guevara, aliyepita Dar, akavuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 na akatoka Novemba amefeli, na Wacuba wake walikuwa wanaitana kwa namba za Kiswahili, yeye alikuwa Tatu. Kumbukumbu zake za Kongo aliziandika Dar, ubalozini kwa Cuba. Sasa soma hivi viwili ukiwa na ramani ya Ziwa Tanganyika mezani, kila wanapotaja Baraka au Fizi weka alama. Hoare anasimulia kama mtu aliyekuwa safari nzuri, Che anajilaumu mwanzo mwisho, na wote wawili Wakongo wenyewe wanakuwa kama vivuli tu. Hapo ndo utajua pengo liko wapi.

Ukisoma kuwa na daftari, andika nani analipa na analipa kwa kitu gani. Mfano Executive Outcomes, kampuni ya mamluki ya Afrika Kusini, iliyoenda Angola 1993 na Sierra Leone 1995: cha Barlow aliyeianzisha kinasifia vita walizoshinda, poa, wale waasi wa RUF wa Sierra Leone kweli walikuwa wakatili, lakini wewe fuatilia na hadithi ya almasi. Andika pia marehemu gani wanatajwa majina na gani wanatajwa idadi tu. Na uliza walinzi walikuwa nani, maana Iraq kambi za Wamarekani zililindwa na Waganda maelfu kwa maelfu na kwenye vitabu vingi wanapewa mstari mmoja, basi. Zile kurasa za majina ya bunduki ruka, hutopungukiwa kitu.

Kama Kiingereza kizito kinakupiga chenga sahau yote hayo kwanza, anza na The Wonga Coup cha Adam Roberts. Ni jinsi Simon Mann, askari wa zamani wa Uingereza, na wenzake walivyopanga kuipindua Guinea ya Ikweta 2004 wakaishia kukamatwa Harare na ndege yao, kinasomeka kama stori ya kijiweni, mimi nilikimaliza kwa safari chache za Arusha Moshi kwenye Coaster. Changu kipo kwa chalii mmoja wa Majengo toka Pasaka, akikirudisha naazimisha, ila unaacha kitambulisho.