Polisi wanunue magobore? Namna ya kuandaa mdahalo wa hadhara katika kata au shule

Midahalo juu ya polisi kununua silaha kutoka kwa raia huharibika karibu kila mara kwa sababu ileile. Watu hubishana kama bunduki ni nzuri au mbaya, saa mbili zinaisha, na hakuna aliyeuliza silaha ipi inanunuliwa, kwa bei gani, nini kitamzuia muuzaji kupata nyingine kesho, na ile iliyopokelewa inapelekwa wapi. Maswali hayo manne ndiyo mdahalo wenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kata, klabu za sekondari, vyuo na vikundi vya dini katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

Mada kwanza, ukumbi baadaye

Usiandike "Je, polisi wanunue silaha?" Mada ya namna hiyo inaruhusu kila mtu kuwa na picha yake kichwani: mmoja anawaza bastola ya mjini, mwingine bunduki ya kivita iliyovushwa mpakani, wa tatu gobore la babu lililofichwa darini. Mada ifunge mambo matatu: aina ya silaha, mahali, na utaratibu unaolinganishwa nao. Mfano unaofaa huku kwetu:

"Wilaya yetu ingepata usalama zaidi endapo anayesalimisha gobore angelipwa, kuliko utaratibu wa msamaha bila malipo."

Kulinganisha ni lazima, kwa sababu Tanzania haianzi na ukurasa mtupu. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na vimekuwapo vipindi vya msamaha, kikiwemo cha mwaka 2022, ambapo mwenye silaha haramu aliisalimisha kwa hiari bila kushtakiwa kwa kuimiliki. Hakulipwa. Upande unaounga mkono unatakiwa uonyeshe kwamba fedha itavuta silaha ambazo msamaha mtupu hauzivuti.

Na kwa nini gobore? Kwa sababu ndilo lililoko vijijini. Vijiji vya Idodi na Pawaga vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, au vile vya Chunya kuelekea Rungwa, vinaishi na nyani, nguruwe pori na tembo. Gobore ni bomba la chuma, kitako cha mbao, baruti na vipande vya chuma vinavyoshindiliwa kupitia mdomoni. Fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza, halina namba ya kiwandani, na mara nyingi halimo katika daftari lolote. Linatumika kulinda shamba, na lilelile linatumika kwenye ujangili. Wazungumzaji wakilisahau hilo, mtabaki mnajadili Marekani.

Karatasi moja ya takwimu kwa pande zote mbili

Andaa ukurasa mmoja, uwape pande zote wiki mbili kabla. Takwimu zilizomo hazibishaniwi ukumbini. Kinachobishaniwa ni maana yake. Hizi zinatosha:

Australia. Baada ya mauaji ya Port Arthur ya Aprili 1996, ambapo watu 35 waliuawa, serikali ilinunua bunduki zipatazo 650,000 na kuzigharimia kwa nyongeza ya muda ya 0.2% kwenye kodi ya bima ya afya. Jambo linalosahaulika ni kwamba haikuwa hiari. Aina fulani za bunduki zilipigwa marufuku kwanza, malipo yakafuata kama fidia. Atakayesema "Australia walinunua silaha, vifo vikapungua" aulizwe papo hapo: kilichofanya kazi ni ununuzi au marufuku? Wapinzani nao wana haki ya kukumbusha kwamba mauaji ya kwa bunduki yalikuwa yameanza kushuka kabla ya 1996.

New Zealand. Mwaka 2019, baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch lililoua watu 51, zilikusanywa bunduki zipatazo 56,000. Bei ilipangwa kwa hali ya silaha: 95% ya bei ya msingi kwa iliyo mpya au karibu mpya, 70% kwa iliyotumika, 25% kwa iliyochakaa. Hapa pia sheria ilitangulia.

Marekani. Idara za polisi za miji zimekuwa zikinunua silaha kwa hiari na bila maswali tangu miaka ya 1970. Baltimore ilianza 1974 kwa dola 50 kwa bunduki. Ripoti ya mwaka 2004 ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo ilisema nadharia ya mipango hiyo ina kasoro kubwa: zinazoletwa ni silaha kuukuu za watu wasio wahalifu, na aliyelipwa anaweza kununua nyingine.

Msumbiji. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilibadilishana silaha za vita na vitendea kazi: baiskeli, cherehani, majembe, mabati. Hakuna fedha taslimu iliyotolewa. Silaha zilikatwakatwa, na baadhi ya vyuma vikawa sanamu.

Liberia. Desemba 2003 wapiganaji waliahidiwa dola 300 kila mmoja, kwa awamu mbili. Walifika wengi kuliko walivyotarajiwa, vurugu zikazuka, zoezi likasimamishwa hadi Aprili 2004. Mwishoni waliandikishwa zaidi ya watu 100,000, lakini silaha zilizokusanywa zilikuwa kama 28,000.

Mifano hiyo haifanani. Miwili ni marufuku yenye fidia, mmoja ni hiari ya mijini, miwili ni ya nchi zilizotoka vitani. Mwenyekiti awe na orodha hiyo mkononi, na kila mzungumzaji anapochanganya aina moja na nyingine amsimamishe kwa sentensi moja tu.

Hoja ya bei, ambako mdahalo hushinda au hufa

Bei ikiwa ndogo, gobore halitoki darini. Bei ikizidi gharama ya kulitengeneza, mmefungua kiwanda. Si nadharia: Agosti 2022 huko Utica, jimbo la New York, mtu mmoja alipeleka vipande 60 vya silaha alivyovichapisha kwa printa ya plastiki, akaondoka na kadi za manunuzi zenye thamani ya dola 21,000. Waandaaji walikuwa wameahidi malipo bila kuweka ukomo kwa mtu mmoja. Fundi wa gobore hahitaji printa. Bomba la chuma na mbao vinamtosha.

Kwa hiyo upande unaounga mkono uje na pendekezo lenye masharti, vinginevyo utavunjwa katika dakika ya tatu. Masharti yanayoshikika ni haya: ukomo wa silaha moja kwa kaya, malipo kwa gobore linaloonekana limetumika, si lililotoka kuchomelewa jana, muda mfupi uliotangazwa wilaya nzima kwa siku moja, na malipo ya vitu badala ya fedha. Kuhusu vitu, wataje bayana: mfuko wa mbolea ya kupandia, bati, mbegu bora ya mahindi. Mfuko wa mbolea unajulikana bei yake, unatumika shambani, na ni vigumu kuugeuza mtaji wa gobore jingine. Vigumu, si haiwezekani. Wapinzani watasema unauzika gulioni, na watakuwa sahihi.

Upande unaopinga nao mara nyingi hukimbilia hoja dhaifu, kwamba "Serikali haina fedha". Hoja yao yenye nguvu ni ya haki: aliyevunja sheria analipwa, na jirani yake aliyelinda shamba kwa kupiga debe usiku kucha hapati kitu. Waianze hiyo, kisha waingize swali gumu kuliko yote: gobore likishaondoka, nani atamfukuza nguruwe? Hapo ndipo pande zote mbili zinapaswa kuongea juu ya kifuta jasho kinachotolewa kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, uzio wa mizinga ya nyuki dhidi ya tembo, na muda wanaotumia askari wa wanyamapori kufika wanapoitwa. Mdahalo usiofika hapo umepotea njia, hata kama watu wamepiga makofi.

Swali la silaha inakokwenda lisiachwe. Desemba 2023 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba bunduki zilizosalimishwa ili ziharibiwe zilivunjwa kipande kimoja tu, na sehemu zilizobaki zikauzwa. Pendekezo la upande wowote liseme nani anashuhudia uteketezaji, na idadi iliyopokelewa inalinganishwaje na iliyochomwa.

Vibali, mahali na saa

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla. Peleka barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) mapema zaidi, nakala kwa mtendaji wa kata. Shuleni, barua ipitie kwa mkuu wa shule. Mwombe polisi kata aje kama mtoa maelezo ya sheria kwa dakika tano, asiwekwe upande wowote. Akiwekwa, watu watanyamaza.

Epuka Novemba hadi Aprili kama ukumbi una bati bila dari, maana mvua ikianza hata spika kubwa haitasaidia. Juni na Julai ni mavuno na baridi kali kwa Makete, Mafinga na Uporoto. Agosti na Septemba ndiyo miezi mizuri. Usigongane na siku ya mnada.

Anza saa nane kamili mchana. Ufunguzi na kanuni dakika 10, kura ya kwanza 10, wazungumzaji wanne dakika 7 kila mmoja, pande kuulizana 12, wananchi dakika 40, kila mtu dakika mbili, majumuisho dakika 3 kila upande, kura ya pili 10. Jumla ni dakika 116. Mtunza muda agonge kengele ikibaki dakika moja, na maiki izimwe muda ukiisha, hata kama anayeongea ni diwani.

Kanuni za usalama zinazosomwa kwa sauti

Hakuna silaha ukumbini, hata kwa ajili ya "kuonyesha mfano". Hakuna kumtaja mtu, kaya au kitongoji kinachodaiwa kuwa na silaha. Hakuna mtu kukiri kwamba anayo: nje ya kipindi cha msamaha kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na mdahalo hauwezi kumpa mtu kinga. Mzee akianza "mimi gobore langu...", mwenyekiti amkatize kwa heshima: "Mzee wangu, tuseme gobore la mtu fulani."

Akitokea mtu na gobore mlangoni akidhani ndipo pa kusalimishia, msilishike. Huenda limeshindiliwa tangu msimu uliopita. Aliweke chini, mdomo ukielekea pasipo na watu, ukumbi utoke kwa mlango mwingine, polisi waitwe kwa 112. Asijaribu mtu yeyote kuchomoa baruti.

Kwa Iringa, jiandaeni kwa jambo moja zaidi. Lazima atasimama mtu aanze na Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, na bunduki ambazo Wahehe wa Mkwawa waliziteka kwa Wajerumani, kisha aseme anayesalimisha silaha anasalimisha na heshima. Msimzomee. Ni hoja halisi juu ya imani kati ya raia na dola, na inajibika: muulizeni ni uhakika gani angeutaka kabla ya kukabidhi.

Kura na muhtasari

Kunyoosha mikono hakufai, kwa kuwa watu watatazama mtendaji ananyoosha upande gani. Mpe kila mtu punje moja ya mahindi (ndiyo) na moja ya maharage (hapana). Weka ndoo mbili zenye mfuniko uliotobolewa: ya kwanza anatumbukiza kura yake, ya pili anatupa punje iliyobaki. Mahindi ya ndoo zote mbili yakijumlishwa yalingane na idadi ya watu, na maharage vilevile. Yasipolingana, mtu ametoka na punje mfukoni au ameingia na zake, rudieni. Fanyeni kabla na baada ya mdahalo. Upande ulioshinda ni ule ulioongeza kura, hata kama bado ni wachache.

Katibu aandike muhtasari ndani ya wiki moja, kurasa mbili zisizidi: mada, idadi ya waliohudhuria, kura zote mbili, hoja tatu kila upande, na ombi moja tu kwa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Maombi kumi hayajibiwi. Majina ya waliochangia kutoka sakafuni yasiandikwe. Andikeni "mchangiaji, mkulima" au "mchangiaji, mwanafunzi". Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kata ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nyingine kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.