SOMO: Kununua Yamaha DT 125 iliyotumika na kupata spea zake

PM yangu imejaa swali lilelile: "Mkuu nimeona DT mahali, nichukue?" Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa. Nazungumzia DT 125 ya two stroke (injini inayochoma oili pamoja na petroli), zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba na watu wa miradi.

1. Kadi. Namba ya chesesi ilingane na kadi. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Kama bado ina namba za DFP (za miradi ya wafadhili), uone kwanza karatasi za mnada.

2. Gusa bloku kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji kakutangulia: kaiwasha mapema ili usione kama ni ngumu kuwaka. Mwambie utarudi kesho asubuhi.

3. Piga kiki taratibu kwa mkono. Ikishuka laini, pistoni na ringi zimekwisha. Hilo linatibika, shusha bei.

4. Fungua mfuniko wa magneto, sukasuka gurudumu lake mbele na nyuma. Likigonga kabla pistoni haijasogea, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imekwenda. Hapo bei ishuke sana.

5. Moshi. Two stroke lazima itoe moshi, usiogope. Ogopa moshi mzito usiokata hata injini ikishapata moto, huku oili ya giaboksi inapungua na chini hakuna tone. Hiyo ni oil seal (mpira wa kuzuia oili) ya kranki upande wa klachi: injini inakunywa oili ya giaboksi. Ikifa ya upande wa magneto ni balaa zaidi, maana inavuta hewa, silensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inapanda yenyewe, injini inachemka na pistoni inakamata.

6. Pampu ya oili. Hapa ndipo hela yangu ilipozama, kwa hiyo soma mara mbili. DT ina tenki lake la oili ya 2T na pampu inayovutwa na waya wa mafuta. Mafundi wengi wameing'oa na kuchanganya kwenye tenki la petroli. Muulize muuzaji ni ipi, USIKISIE. Ukiweka petroli tupu kwenye iliyong'olewa pampu, hufiki mbali. Na kama pampu ipo lakini tenki la oili liliwahi kukauka au mpira ulifunguliwa, kuna hewa ndani. Kujaza oili peke yake hakutoshi. Weka petroli iliyochanganywa kwanza (lita 5 kwa mililita 200 za 2T). Legeza boliti ndogo ya hewa kwenye pampu, acha oili itiririke mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha washa kwa silensa, vuta waya wa pampu kwa mkono, tazama mpira unaoingia injini. Ukiona hata povu moja linatembea, endelea kutoa hewa. Fundi akikwambia "itajitoa yenyewe", tafuta fundi mwingine.

7. Spea. Nunua pistoni KWANZA, ndipo bloku ichongwe (tundu lake lipanuliwe) kwa kuipima pistoni yenyewe, siyo kwa namba ya kwenye boksi. Wakishachonga, midomo ya matundu yaliyo ndani ya bloku isuguliwe kidogo, la sivyo inakata ringi. Beringi na oil seal hazihitaji boksi la Yamaha: beringi ina namba yake ubavuni, seal ina vipimo vitatu (ndani, nje, unene). Nenda navyo Gerezani, Kariakoo. Cheni ni 428, hata za Mchina zinaingia, unakata urefu.

MASWALI

Chuma_Tunduma: Bei yake shilingi ngapi mkuu?
— Sijaweka bei. Inategemea namba 1 hadi 6.

Dogo Kilosa: Oili ya SAE 40 ni rahisi, si naweza kuchanganya hiyo?
— Unaweza. Bloku pia unaweza kuinunua upya. 2T tu.

Mama Shamba: Kaka, bloku yangu haijawahi kuchongwa ila dukani wana pistoni ya saizi 50 tu. Niruke 25?
— Swali zuri, dada. Silinda ya kawaida ni milimita 56, saizi 25 ni 56.25, saizi 50 ni 56.50. Mwambie mchongaji apime kwanza. Kama 25 inafuta mikwaruzo, subiri 25, maana ukiruka unautupa uhai wa bloku bure. Angalia pia tarakimu tano za katikati kwenye namba ya Yamaha: 11631 ni pistoni ya kawaida, 11635 ni saizi 25, 11636 ni saizi 50. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi, na ncha za ringi zikae kwenye pini zake.

Dogo Kilosa: Pistoni ya DT 175 je, itaingia?
— Milimita 66. Umesoma lakini?

Mzee wa Porini: Niongezee: mnaopita vumbi, pakeni grisi kidogo ukingoni mwa kasha la eyaklina. Yangu ilikuwa inakula ringi, kumbe vumbi linapitia hapo.
— Kweli mzee. Na sponji ioshwe, ikauke, ilowekwe oili, ikamuliwe. Kavu haizuii kitu.

Mama Shamba: Ioshwe kwa petroli?
— Petroli inaila gundi. Mafuta ya taa, au maji ya uvuguvugu na sabuni.