Ajira mpya Mbeya mjini: gari utaliacha wapi?

Barua ya ajira ikifika, mtu huangalia mshahara, tarehe ya kuripoti, na akiwa makini sana huuliza bima ya afya. Pa kuegesha gari hapaulizwi. Swali hilo huja lenyewe Jumatatu ya kwanza, saa 2 kasoro asubuhi, unapozunguka mitaa ya Uhindini huku mkuu wa kitengo anapiga simu kuuliza umefika wapi. Wengi wanaohamia huku wakitokea Dar es Salaam wanaamini nafasi ni tele kwa sababu foleni zetu ni fupi. Foleni na maegesho ni vitu viwili tofauti.

Tazama mji ulivyokaa. Upande wa juu, chini ya mlima Loleza, ndiko kwenye ofisi nyingi, benki, stendi kuu na mitaa ya maduka ya Uhindini na Sokomatola. Mitaa hiyo ilipangwa wakati magari yanahesabika, na leo duka linaishia pale mtaro unapoanza. Upande wa chini inapita barabara kuu ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, nayo ndiyo njia ya karibu kila mtu: wa Uyole, wa Mwanjelwa, wa Mafiati, wa Iyunga, wa Mbalizi. Huko chini bado utaona magari yamepakiwa bure mbele ya fremu za maduka. Usiweke mpango wako wa mwaka mzima hapo. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na mradi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, unakula sehemu hizohizo. Kipande ulichozoea kuegesha kinaweza kukutwa kimechimbwa bila mtu kukupa taarifa, kwa sababu hakikuwa chako wala cha mwenye duka.

Kwa hiyo uliza kabla hujasaini. Na usiulize "je, kuna paking?" maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza ni magari mangapi yanaingia ndani ya geti, na ya nani. Ofisi yenye uwanja wa magari sita ina gari la mkurugenzi, magari mawili ya kazi, la mhasibu ambaye yupo tangu ofisi inafunguliwa, na nafasi ya mgeni isiyoguswa. Inabaki moja, na inagombewa na watu kumi. Uliza pia kama wanatoa posho ya usafiri. Mazungumzo ya mshahara ndiyo nafasi yako ya kulisema hilo bila kuonekana mlalamishi. Mwezi wa pili kazini utaambiwa bajeti imeshapita. Wakikujibu kwamba nafasi hakuna lakini posho inaweza kuongezwa kidogo, mimi ningechukua posho.

Halafu nenda ukaone mwenyewe, siku ya kazi. Jumapili Sokomatola inapendeza na inadanganya. Nenda katikati ya wiki, saa 1 na nusu asubuhi, ikiwezekana tarehe za mishahara, benki zinapojaa na kila mwenye gari amekuja na gari. Afisa rasilimali watu atakupa utaratibu ulioandikwa. Ukweli uko kwa mlinzi. Msalimie vizuri. "Shikamoo baba. Mimi nitaanza kazi hapa wiki ijayo, naomba kujua gari huwa mnaweka wapi." Atakuonyesha pa bosi pasipoguswa hata akiwa safarini, pale maji yanapotuama mvua ikinyesha, na kona ambayo ukipaki unazibwa mpaka jioni. Kuzibwa ndiko kunaudhi kuliko yote. Viwanja vidogo hupangwa magari kama dagaa kwenye kopo, na wa mwisho kuingia ndiye anayeshika funguo za uhuru wa wengine. Mahali kama hapo kila gari liwe na namba ya simu ya dereva kwenye dashibodi, imeandikwa kubwa, na simu yenyewe isiwe kimya ukiwa kikaoni. Kama una mtoto wa kumfuata shuleni saa 9, usikubali kabisa nafasi ya ndani.

Sasa ushuru wa barabarani. Tangu 2021 ukusanyaji wa maegesho kwenye barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Mkusanyaji anapita na mashine, anaingiza namba ya gari, na deni linakaa kwenye namba hiyo. Unalipa kwa kontroo namba kupitia simu au benki. Uzuri wake ni kwamba hutafuti chenji. Ubaya ni kwamba usipofuatilia, deni halikusumbui wala halikupigii kelele, linakua tu, na likichelewa linaweza kuvuta faini. Jiwekee siku moja kwa wiki ya kuangalia na kulipa. Anayetaka umpe mkononi ili "ayamalize" hayamalizi. Namba yako inabaki inadaiwa. Na kama gari umelinunua juzi kwa mtu, angalia madeni ya namba hiyo kabla hujaanza kulilaza mjini, maana mfumo unaijua namba, haumjui mmiliki wa zamani.

Piga hesabu ya mwezi, ya siku peke yake inadanganya. Viwango hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo tuseme kwa mfano ni shilingi 300 kwa saa. Kwa saa 9 ni 2,700. Kwa siku 22 za kazi ni 59,400, na mafuta hujaweka. Nauli za daladala zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 ziliweka shilingi 600 kwa njia za mjini zisizozidi kilomita 10. Kwenda na kurudi kwa siku hizohizo 22 ni 26,400. Ukilazimika kupanda gari mbili ni 52,800, na hapo gari lako linaanza kuonekana la maana, hasa kama una kitu cha kubeba au mtu wa kumshusha njiani. Uliza pia kama mahali unapotaka kuegesha pana malipo ya mwezi. Mara nyingi ndipo unafuu ulipo.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya kutafuta uwanja usiotumika mchana. Mji wetu umejaa viwanja hivyo. Kuna baa zenye paking nzuri, imewekwa changarawe, ambayo kuanzia asubuhi hadi saa 11 jioni haina gari isipokuwa la mtu wa vinywaji. Kuna nyumba za wageni ambazo wageni wake wanaondoka alfajiri na wengine wanaingia usiku. Kuna viwanja vya makanisa, kuna karwoshi, kuna mama mwenye nyumba ya zamani mtaa wa Forest yenye geti pana na gari halipo tangu mzee astaafu. Usiende na mkono mtupu wala usiende kuomba. Nenda na pendekezo. Taja siku, taja saa, taja kiasi kwa mwezi, na lipa mwanzoni mwa mwezi. Kubalianeni nani ana ufunguo wa geti. Kubalianeni siku ambazo uwanja utatumika: kanisani kuna misiba na harusi za Jumamosi, baa ina mechi. Ukiwa kwenye baa, toa gari kabla wateja hawajaanza kuingia, maana mwenye baa akipoteza meza ya watu wanne kwa sababu yako, mkataba umekufa. Mapatano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, mweke sahihi, yawe na namba za simu za pande zote. Mlinzi wa hapo mpe chake pembeni, kidogo na mara kwa mara. Kwa sheli sina ushauri huo. Wao wanahitaji nafasi ya malori na hawapendi gari linaloshinda.

Mvua huanza Novemba na kutuachia mwezi wa 4 au wa 5. Uwanja wa udongo uliokuwa mzuri Septemba unakuwa utelezi, na Mbeya karibu kila uwanja una mteremko. Breki ya mkono peke yake usiitegemee: weka gia, geuza tairi kuelekea ukingo, na jiwe la kuzuia tairi liwe lako kwenye buti, si la kuazima kwenye bustani ya watu. Juni na Julai shida ni nyingine. Baridi ya asubuhi inaamsha betri iliyochoka na kuikumbusha uzee wake, kioo kina umande, na dakika 10 ulizopanga za kutafuta nafasi zinaishia nyumbani.

Vioo vya pembeni na taa ndivyo vinavyoibiwa. Chora namba ya gari kwenye vioo kabla ya siku ya kwanza. Ni kazi ya muda mfupi na inamnyima mwizi soko. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, kioo chako hailipi. Na kibao cha "hatutahusika na upotevu" ukikiona getini, kisome kama kilivyo.

Wengine wataamua kuliacha gari njiani. Mtu wa Uyole anaweza kuliegesha kwa ndugu karibu na barabara, akapanda daladala, akamalizia na bajaji. Watu wa Iringa ndio wanaijua zaidi hii: ukiwa unatokea Ipogolo, chini ya mji wao, kupanda na gari lako mpaka juu mjini ili uanze kutafuta nafasi Miyomboni ni mzigo ambao daladala ingekuondolea.

Au mwende watatu kwenye gari moja. Kuchangia mafuta baina ya wafanyakazi wenzako hakuna tatizo. Kuokota abiria Mafiati kwa nauli ukiwa na namba ya njano ni biashara, na biashara hiyo inataka leseni ya LATRA. Mpeane zamu za wiki badala ya siku, mwenye gari asichangie maegesho wiki yake, na anayeumwa au anayesafiri aseme usiku, si saa 1 asubuhi wenzake wakiwa wamesimama barabarani.