Umri wa mimba kwa utrasaundi: kabila la mama lisikupotoshe

Napima wajawazito Temeke. Benchi moja hukaliwa na Mzaramo, Mchaga, Msomali na mama wa Kihindi, na vijana ninaowafundisha huuliza kama kila mmoja ana jedwali lake la kukadiria umri wa mimba. Hana. Cha kuangalia kwanza ni amekuja na mimba ya wiki ngapi.

Kabla ya wiki 14, pima CRL, yaani toka utosini hadi makalioni. Usiharakishe hapa. Kidevu kisigandamane na kifua. Uone upenyo mweusi wa maji kati yake. Mtoto akijikunja, kipimo hupungua na mimba itaonekana changa kuliko ilivyo. Mwambie mama akohoe, au ainuke atembee kidogo, kisha urudie. Chukua vipimo vitatu vizuri, utafute wastani. Kikitofautiana na hesabu ya hedhi kwa zaidi ya siku 7 (siku 5 kama mimba haijafika wiki 9), fuata utrasaundi.

CRL ikizidi milimita 84, hamia kwenye mzunguko wa kichwa. Utafiti wa INTERGROWTH-21st, uliochapishwa 2014, ulipima watoto wa kina mama wenye afya na lishe nzuri sehemu nane duniani, zikiwemo Nairobi, Muscat na Nagpur, ukakuta CRL na kichwa vinakaribiana mno toka sehemu moja hadi nyingine. Mfupa wa paja ndio wa kuuogopa: kwa watoto wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa mrefu kidogo, kwa wa Asia mfupi. Usikadirie umri kwa paja peke yake. Kagua pia mipangilio ya mashine. Nyingi zina jedwali la mtafiti Hadlock la 1984, la kugeuza vipimo kuwa umri, lililotokana na wanawake wa Houston, Marekani, wengi wao Wazungu.

Wajawazito wengi huku huja kliniki wamechelewa. Mimba ikipita wiki 28, kosa laweza kufika wiki tatu mbele au nyuma; liandike hivyo hivyo kwenye kadi. Na kama kadi ina kipimo cha mapema, tafadhali usikifute! Naumia sana nikiona tarehe tatu za kujifungua zimekatwakatwa. Mtoto asiyekua vizuri tumboni, ukimpunguzia wiki ataonekana yuko sawa, na hakuna atakayemfuatilia. Acha tarehe ya kwanza, andika kwamba ni mdogo kwa umri wake, umpeleke mama kwa daktari siku hiyo hiyo.