Mashine ya kahawa inayosaga yenyewe: kutoka boksi hadi kikombe cha kunyweka

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za kahawa hapa Dar es Salaam. Zamani nilikuwa naitwa hotelini na kwenye migahawa tu. Siku hizi naitwa majumbani pia, na mara nyingi mashine imeletwa na ndugu aliyeko Ulaya au Uarabuni: unamimina punje juu, unabonyeza kitufe, inasaga, inakamua, inatoa kikombe. Mwenyewe anaonja, anakuta kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia chombo, anarudi kwenye kahawa yake ya kopo. Inaniuma, kwa sababu nimekulia Kibosho katikati ya mibuni na ninajua kilichomo ndani ya zile punje. Mashine haina ubovu wowote. Imetoka kiwandani imepangwa kwa kahawa nyingine na maji mengine, na kuipanga upya ni kazi ya asubuhi moja.

Mfano wangu ni De'Longhi Magnifica S, maana ina kila kitu cha msingi: tangi la maji la lita 1.8, nafasi ya gramu 250 za punje, pampu yenye mgandamizo wa baa 15 na ngazi 13 za usagaji. Kama yako ni Philips, Jura au Siemens, vitufe vitakaa pengine lakini kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha umeme

Kabla ya kuchomeka, geuza mashine utafute kibandiko cha chini au cha nyuma. Kikiwa na volti 220 hadi 240, sawa. Kikiwa na volti 120, mashine imenunuliwa Marekani au Kanada. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu utaiunguza siku hiyo hiyo.

Iliyotoka Ulaya itakuwa na plagi ya miguu miwili ya duara. Ninawasihi, ule mtindo wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi iingie uacheni. Plagi ikiingia hivyo mashine inabaki bila arthi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hii ni mashine yenye maji na hita pamoja. Nunua adapta yenye arthi, au mwambie fundi umeme abadilishe plagi. Mashine hii inakula wati 1,450, kwa hiyo usiitundike kwenye ekstensheni moja na friji na televisheni. Kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka, weka stabilaiza ya wati 2,000 au zaidi.

Hatua ya 2: Pima maji

Ndani ya boksi kuna kijikaratasi cha kupimia ugumu wa maji. Watu wengi hukitupa pamoja na maboya ya plastiki. Kichovye kwenye maji utakayotumia, subiri kama dakika moja, hesabu vimraba vilivyobadilika rangi, kisha weka ngazi hiyo kwenye mipangilio. Mashine inatumia namba hiyo kujua lini iwashe taa ya kuondoa chokaa. Ukiidanganya, taa itachelewa, na ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai utajijenga ndani ya mirija ambayo mkono haufiki.

Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya visima vingi vya huku pwani, usiyatie kabisa hata kama umeyachemsha. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji ya dukani au yaliyopita kwenye filta nzuri.

Hatua ya 3: Isuuze

Jaza tangi, weka bakuli chini ya mdomo wa kahawa na chini ya bomba la mvuke, acha maji ya moto yapite. Vikombe vinne au vitano vya kwanza vya kahawa vimwage. Kisagio bado kinajaa na ladha yake haikuambii chochote.

Hatua ya 4: Chagua punje

Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, si ya kuharibika tu. Kahawa iliyotoka kwenye kikaango jana bado ina hewa nyingi ndani. Ipe kama wiki moja, kisha imalize ndani ya mwezi au zaidi kidogo. Arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga ina uchachu mtamu unaopendeza. Robusta ya Kagera ni nzito, chungu kidogo, na inatoa lile povu la kahawia juu ya kikombe, krema, kwa wingi. Kama kahawa yako utaichanganya na maziwa, jaribu kuongeza robusta kidogo.

Punje zinazong'aa mafuta, nyeusi tii, ziepuke. Mafuta yale hugandisha unga kwenye njia ya kisagio mpaka punje zishindwe kushuka. Tangawizi, iliki na mdalasini vinakaa kikombeni, kamwe visipite kwenye mashine. Na ule mlango mdogo wa kahawa iliyokwisha kusagwa ni wa unga wa kahawa halisi, kijiko kimoja cha kupimia. Kahawa inayoyeyuka, kama Africafe ya Bukoba, ukiiweka pale itageuka gundi.

Usijaze chombo cha punje. Kwa joto la Dar, weka za siku mbili tatu, nyingine zifunge vizuri kabatini.

Hatua ya 5: Panga usagaji

Hapa ndipo kikombe kinapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Ndani au karibu na chombo cha punje kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba. Namba ndogo inasaga laini, kubwa inasaga chengachenga. Kwenye Magnifica kizungushe kisagio kikiwa kinasaga tu. Kikiwa kimesimama, vipande vya punje vimebanwa katikati ya meno, na ukilazimisha kwenda kwenye laini unaweza kukivunja. Sogeza ngazi moja, basi. Kisha tengeneza vikombe viwili, kwa sababu cha kwanza bado kina unga wa zamani. Cha pili ndicho cha kuonja.

Kahawa ikitoka mbio, rangi ya chai, punguza namba. Ikidondoka tone tone au isitoke kabisa, ongeza. Mtiririko ninaoutafuta ni mwembamba na mzito, unaoshuka kama asali kutoka kwenye kijiko, ukijaza mililita 40 kwa sekunde 20 hadi 30 tangu pampu ianze kunguruma. Halafu fungua chombo cha machicha, yaani unga wa kahawa uliokwisha kukamuliwa, uangalie. Kidonge cha machicha kinatakiwa kishikane kama kashata. Kikiwa kimemomonyoka au kimelowa kama uji, mara nyingi ama usagaji ni mkubwa mno ama kahawa ni kidogo.

Hatua ya 6: Nguvu na ujazo

Alama za punje kwenye mashine ni kiasi cha kahawa kinachosagwa. Hazihusiani na kiasi cha maji. Anza na nguvu ya juu, kisha punguza ukiona inakuzidi. Joto liweke la juu kama mashine inaruhusu, hasa ukiwa unatumia arabika iliyokaangwa wastani.

Kurekebisha ujazo, mashine nyingi zinataka ushikilie kitufe cha kahawa mpaka taa imete, uache kahawa ishuke, ubonyeze tena ikifika unapotaka. Kosa ninaloliona kila nyumba ni kupanga kikombe kidogo kiwe kikubwa. Maji mengi yakipita kwenye unga ule ule yanakamua uchungu mtupu. Ukitaka kikombe kirefu, toa mililita 40, kisha ongeza maji ya moto pembeni.

Hatua ya 7: Maziwa

Yatoe kwenye friji yakiwa baridi kabisa. Zamisha ncha ya bomba la mvuke kidogo chini ya uso mpaka yaanze kuumuka, halafu ishushe. Simama pale mkono unaposhindwa kuvumilia kushika kikombe cha bati, karibu nyuzi 65. Futa bomba papo hapo na upitishe mvuke sekunde mbili.

Hatua ya 8: Kikamulio

Niliwahi kuitwa na mama mmoja Mikocheni. "Mwanangu, kahawa yangu inanuka kabati," akaniambia. Nilipofungua mlango wa pembeni, kikamulio, ile sehemu inayokandamiza unga na kupitisha maji, kilikuwa kimeota ukungu mweupe wenye manyoya, na machicha yamekaa tangu kabla ya Idi. Kwa unyevunyevu wa pwani, siku mbili tatu zinatosha. Nilikiosha mbele yake, tukapitisha maji mara kadhaa, na kikombe cha tatu alikimaliza bila sukari.

Mwaga machicha kila siku, hata kama taa haijawaka. Kila wiki zima mashine kwa kitufe chake, subiri ijisuuze na itulie, fungua mlango, bana vile vitufe viwili vya rangi na uvute. Kikigoma, kimeachwa katikati ya safari, mara nyingi umeme ulikatika mashine ikiwa kazini. Washa, iache ijipange, zima tena. Usitumie nguvu wala bisibisi. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, kwa sababu sabuni inaondoa grisi kwenye mipira, kisha kianike. Kwenye Jura kikamulio hakitoki. Kinasafishwa kwa vidonge maalumu.

Taa ya chokaa ikiwaka, tumia dawa ya mashine za kahawa, usitumie siki. Siki inakula mipira na harufu yake haiondoki upesi.

Ukisafiri, maliza punje, mwaga maji ya tangi, toa kikamulio kikavu ukiweke juu ya meza, na mlango wa pembeni uuache wazi.