Dagaa wabichi ni "raw" au "fresh"? Ninavyochagua neno la Kiingereza

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Kigoma mjini, na sehemu kubwa ya kazi ni kuwaandikia watu menyu, matangazo na barua kwa Kiingereza. Mwaka nilioanza, mama lishe mmoja aliniletea menyu yake. Dagaa wabichi wa kukaanga nikawaandika "raw dagaa, fried". Mzungu aliyekuwa anaelekea Gombe akasoma, akasoma tena, akaagiza chai na chapati. Kamusi haikunidanganya, maana "raw" imo kwenye "-bichi". Nilidaka tu neno la kwanza nililolikuta.

Siku hizi nafanya hivi.

Kwanza, siligusi neno likiwa peke yake. Naliandika pamoja na kitu chake: dagaa wabichi, nyama mbichi, ndizi mbichi, kuni mbichi, rangi mbichi ukutani.

Pili, najiuliza kinyume chake ni nini. Kazi yenyewe iko hapa. Nyama mbichi kinyume chake ni iliyopikwa, basi "raw". Ndizi mbichi kinyume chake ni mbivu: "unripe", au "green" kama watu wanavyosema sokoni. Rangi mbichi kinyume chake ni iliyokauka, kwa hiyo kibao kinaandikwa "wet paint". Kuni mbichi ni "green wood" hata kama hazina jani hata moja. Na dagaa? Hapa kwetu, ukiondoa wabichi, wanaobaki ni wale walioanikwa juani. Kinyume ni "dried", kwa hiyo wabichi ni "fresh". Angalia pia kwamba si "dry": samaki amekaushwa na mtu, hakuzaliwa mkavu.

Ila usiishike "fresh" kama nanga. "Fresh bread" ni mkate wa leo, na maji ya Ziwa Tanganyika ni "fresh water" kwa sababu hayana chumvi, hata ukiyachota yakiwa na tope.

Tatu, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya wanafunzi, usome mifano kuliko maana. Au weka maneno mawili pamoja ndani ya alama za kunukuu, uyatafute intaneti. Usipoona wenye lugha wakiyatumia hivyo, achana nayo.

Nne, pima ladha. Bei nafuu ukiiandika "cheap", mgeni anaweza kudhani na kitu chenyewe ni hafifu. "Affordable" haimtii shaka hiyo.

Menyu ya mama sasa inasema "fresh dagaa, fried". Aliuliza kwa nini nisiandike "sardines". Kweli dagaa wetu ni wa ukoo huo, lakini mgeni akisoma "sardines" anawaza samaki wa kopo. Nikaliacha "dagaa", nikaongeza chini yake kwa herufi ndogo: "small fish from the lake".