Mimba ina wiki ngapi? Tunavyohesabu sisi wakunga

Mjamzito akikaa mbele yangu na kadi mpya ya kliniki, namuuliza kwanza hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Wengi hujibu, "Sikumbuki, nesi." Jibu hilo siliandiki. Kumbukumbu ipo, ila haikuwekwa kwa tarehe.

Hatua ya 1: Itafute siku ya kwanza

Tunayoitaka ni siku damu ilipoanza, si ilipokatika. Ulizia mambo yaliyotokea karibu na hapo: shule zilikuwa zimefunguliwa? Ilikuwa kabla ya ile arusi au baada? Huku kwetu pwani ya Tanga hakuna daftari zuri kama Ramadhani. Mwanamke akiingia mwezini hafungi, na siku alizokula anazijua kwa sababu ni deni la kulipa. Mwaka 2025 mama mmoja alishikilia kwamba hakumbuki chochote. Nikamuuliza anadaiwa siku ngapi za mfungo. "Tano. Nilianza kula Jumatatu ya wiki ya pili." Tukafungua kalenda: 10 Machi.

Angalia mitego miwili. Kama damu ya mara ya mwisho ilikuwa matone tu, isiyofanana na hedhi yako ya kawaida, huenda mimba ilikuwa imeshatunga. Taja na ile ya kabla yake. Na kama ulikuwa umetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, unanyonyesha, au siku zako hazina mpangilio, tarehe hiyo usiitegemee sana. Wahi hatua ya 6.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Ongeza siku 7, kisha miezi 9. Kutoka 10 Machi unapata 17 Machi, halafu 17 Desemba: hiyo ndiyo tarehe ya matarajio ya kujifungua. Ni kanuni ya daktari Mjerumani, Franz Naegele, na inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Wako ukiwa wa siku 35, sogeza mbele wiki moja.

Ukitaka umri wa mimba leo, hesabu siku zote tangu hedhi ianze, ugawe kwa 7. Yule mama alikuja 16 Juni: siku 98, yaani wiki 14 kamili. Zoea wiki, achana na miezi. Miezi ya kalenda haina wiki nne nne, na mama akisema "minne" hujui kama ameimaliza au ndiyo kwanza ameingia. Kwetu tofauti hiyo ina maana, kwa sababu SP, dawa ya kukinga malaria, haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza.

Hatua ya 3: Zielewe zile wiki mbili

Hapa ndipo nyumba zinapoungua. Mume wa yule mama ni mvuvi, alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, akarudi 20 Machi. Kesho yake alinijia na kadi mkononi. "Shikamoo nesi. Mimi tangu nirudi hazijatimia wiki 13. Hii ya 14 ni ya nani?"

Ni yako, baba. Tunaanza kuhesabu kwenye hedhi kwa kuwa ndiyo siku inayoonekana. Siku mimba inapotunga haina alama. Kwa mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Kwa hiyo mimba tunayoiita ya wiki 14 ilitungwa kama wiki 12 zilizopita, yeye akiwa nyumbani. Nilimchorea nyuma ya bahasha akaelewa. Siku hizi mume akiwepo namwita, nawaeleza wote wawili kabla sijaandika namba.

Hatua ya 4: Linganisha na dalili

Kukosa hedhi, matiti kujaa na kuuma, uchovu, mkojo wa mara kwa mara. Kichefuchefu mara nyingi huanza karibu wiki ya 6 na kwa wengi hupungua baada ya wiki ya 14 au 16. Lakini dalili hizi si ushahidi. Malaria nayo hutapisha. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa hukuambia ipo au haipo, wala si wiki ngapi. Tumia mkojo wa asubuhi, na kikikataa huku hedhi haijaja, rudia baada ya wiki. Ukijikuta unatafuna udongo wa pemba, sema bila aibu, huenda damu imepungua.

Mtoto kuanza kucheza kunasaidia zaidi: kati ya wiki 18 na 20 kwa mimba ya kwanza, mapema kidogo kwa aliyewahi kuzaa. Andika siku hiyo.

Damu kutoka, maumivu makali ya tumbo, kichwa kisichopoa, kuona maluweluwe, kuvimba uso, homa, au mtoto kuacha kucheza: hapo hakuna kuhesabu, nenda kituoni saa hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Pima tumbo

Hii tunaifanya sisi, ila ujue tunatafuta nini. Ukishakojoa, unalala chali, tunapapasa kilele cha kizazi. Wiki ya 12 kinachungulia juu ya kinena, ya 20 kiko usawa wa kitovu, ya 36 chini ya chembe cha moyo. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita kutoka kinena hadi kileleni hukaribiana na wiki, zikizidi au kupungua mbili. Pengo likiwa kubwa tunawaza pacha, maji mengi, uvimbe wa kizazi au mtoto asiyekua vizuri, na pia tarehe iliyokosewa.

Hatua ya 6: Ultrasaundi, na iwe mapema

Shirika la Afya Duniani linashauri ifanyike kabla ya wiki ya 24. Ya kabla ya wiki ya 14 ndiyo bora, kosa lake ni kama wiki moja tu. Ya miezi ya mwisho inaweza kupotea kwa wiki tatu, kwa kuwa watoto wameshaanza kupishana ukubwa. Basi ukipimwa mapema kisha baadaye kipimo kingine kikakupa tarehe mpya, usiifute ile ya kwanza kwenye kadi. Nimeona mama akikaa nyumbani anangoja tarehe ya pili, kumbe wiki ya 41 imeshapita, na alipaswa kuwa hospitali.